Kumimina, kutandaza au kudondosha: njia ipi ya kuhesabu vijidudu vya udongo?

Gramu moja ya udongo wa bustani mara nyingi hubeba bakteria milioni moja hadi milioni mia moja wanaoweza kuota maabara, na juu yao kuna kuvu na aktinomiseti (bakteria wanaoota kwa nyuzinyuzi kama kuvu). Ukiupaka kama ulivyo juu ya agari, yaani jeli yenye chakula cha vijidudu, baada ya siku mbili utapata utando mmoja mzito usiohesabika. Ndiyo sababu udongo huzimuliwa, yaani huongezewa maji, hatua kwa hatua hadi sehemu ndogo ya mwisho ibaki na vijidudu makumi tu au mamia, kisha huoteshwa kwenye sahani za petri ili kila kimoja kipate nafasi ya kujenga koloni yake, kundi linaloonekana kwa macho.

Njia za kuotesha zinazotumika zaidi ni tatu. Ya kumimina huchanganya sampuli na agari ya moto kabla haijaganda. Ya kutandaza huisambaza juu ya agari iliyokwisha ganda. Ya kudondosha huweka matone madogo, sahani moja ikabeba mizimuo kadhaa. Ipo na ya nne, ya neli, isiyohesabu koloni kabisa, tutaifikia.

Watu hubishana sana kuhusu njia hizo, lakini mara nyingi namba huwa imeshaharibika kabla sahani haijafunguliwa. Tofauti kati ya kumimina na kutandaza ni ndogo ukiilinganisha na tofauti kati ya udongo uliotikiswa vizuri na ule uliozungushwa mkononi mara tatu. Tuanzie hapo basi.

Chupa ya kwanza

Gramu 10 au gramu 1? Chukua 10. Katika gramu moja, kipande kimoja cha mzizi au donge moja la samadi linatosha kubadilisha matokeo, na marudio yako matatu yatatofautiana kana kwamba yametoka mashamba matatu. Gramu 1 ndani ya ml 9 inavumilika pale tu udongo ulipo mchache kweli, kwa mfano ule unaong'ang'ania mizizi. Udongo wenye changarawe au mboji nyingi unastahili zaidi: gramu 25 ndani ya ml 225.

Upitishe udongo ukiwa na unyevu wake kwenye chekeche ya mm 2, uuhifadhi kwenye 4°C, na uanze kazi ndani ya siku moja au mbili. Usiukaushe ili uchekecheke kirahisi. Ukikauka, bakteria wengi dhaifu hufa, wanaobaki ni wale wenye spora, na hesabu yako inakuwa ya walionusurika. Gramu nyingine 10 zipime pembeni, ziweke kwenye tanuri la 105°C kwa saa 24, ujue unyevu ni asilimia ngapi; utauhitaji mwishoni.

Kuhusu ujazo wa maji, utakuta miongozo miwili: ml 90 na ml 95. Yote miwili ina mantiki. Gramu 10 za chembe za udongo huchukua nafasi ya karibu ml 4, kwa hiyo ukizitia kwenye ml 90 unapata jumla ya karibu ml 94, na kila ml 1 inabeba udongo zaidi kidogo ya gramu 0.1. Ukitumia ml 95 unakaribia ml 99, yaani mzimuo wa moja kwa kumi ulio sahihi zaidi. Tofauti ni kama asilimia 5. Haimuumizi mtu mradi usichanganye miongozo miwili ndani ya kazi moja.

Maji gani? Maji yaliyotoneshwa peke yake ndiyo chaguo baya kuliko yote, ingawa ndiyo rahisi: hayana chumvi, maji huingia ndani ya seli na baadhi hupasuka. Maji chumvi ya asilimia 0.85 yanatosha kwa udongo wa kichanga. Peptoni ya asilimia 0.1 huwalinda zaidi bakteria waliojeruhiwa, lakini ni chakula. Ukiichelewesha mezani, wataanza kugawanyika. Kwa udongo wa mfinyanzi tumia sodiamu pairofosfeti ya asilimia 0.1, kwa sababu hutenganisha chembe za mfinyanzi na kuwaachilia bakteria walioshikamana nazo. Pairofosfeti ikiyeyushwa peke yake ni alikali kali, kwa hiyo irudishe kwenye pH 7.0 kwa asidi kabla ya kuitakasa. Hapa wengi hukosea: wanaona hesabu imeshuka, wanalaumu midia (chakula cha kuoteshea), kumbe bakteria wamekaa nusu saa kwenye pH ya karibu 10.

Kwa kuvu kuna jambo la ziada. Spora za Penicillium na Aspergillus hukataa maji na huelea juu. Tone la Tween 80 (aina ya sabuni), kiasi cha asilimia 0.01 hadi 0.1, huzilowesha. Wengine hutumia agari nyepesi ya asilimia 0.2 ili spora zisizame wala zisielee wakati wa kupipeti. Inafanya kazi, ila ni nzito na hung'ang'ania kwenye pipeti.

Kutikisa ndiyo hatua inayobeba uzito mkubwa. Ukitumia mkono, tikisa mara 25 kwa mwendo mrefu wa karibu sm 30, kwa nguvu, si kuzungusha. Ukitumia mashine, mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika kwa muda wa dakika 20 hadi 30, chupa ikiwa imelazwa, na ndani yake shanga za kioo 10 hadi 20 za mm 3 hivi. Blenda huvunja madonge vizuri zaidi kwa dakika moja tu, lakini hukata nyuzi za kuvu vipandevipande, na kila kipande kinaweza kuwa koloni. Unaweza kupata kuvu wengi zaidi bila udongo kuwa na kuvu zaidi. Kama unalinganisha bakteria tu, blenda haina ubaya, mradi chupa isipate joto.

Baada ya kutikisa, acha sekunde 10 hadi 30 mchanga mzito utulie, kisha chukua kutoka katikati ya kimiminika. Ukisubiri dakika tano, bakteria walioshikamana na chembe watakuwa wameshashuka nazo. Ukichukua papo hapo, mchanga utaziba ncha ya pipeti. Kwa mzimuo wa kwanza tumia pipeti yenye mdomo mpana, au kata mm chache za ncha kwa mkasi uliotakaswa.

Ngazi ya kuzimua: ml 10, ml 1 au ml 0.1

Ngazi inaweza kujengwa kwa ml 10 ndani ya ml 90, kwa ml 1 ndani ya ml 9, au kwa µl 100 (mikrolita, sehemu ya elfu ya ml) ndani ya µl 900 kwenye vichupa vidogo vya plastiki. Zote tatu ni moja kwa kumi. Ya kwanza ni sahihi zaidi na inakula vyombo vingi. Ya tatu ni nafuu na ya haraka, lakini usiitumie kutoka kwenye chupa ya kwanza: µl 100 zina chembe chache mno za udongo, na donge moja dogo huamua kila kitu. Tunayopendekeza ni mseto: kutoka 10⁻¹ (chupa ya kwanza, moja kwa kumi) kwenda 10⁻² (moja kwa mia) na 10⁻³ tumia ml 1 ndani ya ml 9, kisha ukishavuka hapo, maji yakiwa meupe, shuka kwenye µl 100 ukitaka.

Kuna kosa moja la kimyakimya kwenye neli za ml 9. Zikijazwa kabla ya kuingia kwenye otoklevu (chombo cha kutakasa kwa mvuke), kwa 121°C na dakika 15, maji mengine huondoka kama mvuke. Tuseme kila neli imebaki na ml 8.7. Kila hatua sasa ni moja kwa 9.7, si moja kwa 10. Kwa hatua sita, makosa hayo huzidishana, na hesabu yako ya mwisho inakuwa juu kwa asilimia 20 bila dalili yoyote kwenye sahani. Dawa yake ni kutakasa maji kwenye chupa kubwa, kisha kuyagawa ml 9 kwa pipeti iliyotakaswa. Kama huwezi, jaza ml 9.2 hadi 9.3 na upime neli kadhaa kwenye mizani baada ya kutakasa, ujue otoklevu yako inakula kiasi gani.

Badilisha pipeti au ncha kila hatua. Ukuta wa ndani wa ncha hubaki na utando wa kimiminika kizito kutoka hatua iliyopita, na utando huo huwabeba bakteria kwenda kwenye neli nyepesi. Changanya kila neli kwa kitikisio sekunde 10, kisha vuta na kuachia mara tatu kabla ya kuchukua. Mwelekeo ukigeuka, sheria nayo inageuka: unapopeleka kwenye sahani, anza na mzimuo mwepesi kabisa ukipanda kwenda kwenye mzito, na hapo ncha moja inatosha kwa mfululizo mzima.

Tangu maji yaguse udongo hadi sahani ya mwisho, usizidishe dakika 30 au 40. Kama sampuli ni nyingi, zigawe makundi, usizilundike zote mezani.

Kumimina

Weka ml 1 ya mzimuo kwenye sahani tupu, mimina ml 15 hadi 20 za agari iliyoyeyuka na kupoozwa hadi 45°C, zungusha sahani taratibu kulia, kushoto, mbele na nyuma, mara tano kila upande, kisha iache igande ikiwa imetulia. Kati ya kuweka sampuli na kumimina isipite zaidi ya dakika kumi hivi, la sivyo tone hukauka na kushika chini.

Faida yake ya kweli ni moja: ujazo. Inameza ml 1 nzima, mara kumi ya kutandaza, kwa hiyo inakufaa pale unachotafuta ni kichache. Huhitaji kukausha sahani mapema wala fimbo ya kusambazia. Koloni zinazokaa ndani ya agari hubaki ndogo, zenye umbo la dengu, na ni nadra kuungana, kwa hiyo sahani inaweza kubeba nyingi zaidi.

Hasara zake kwa udongo hasa ni nzito. Bakteria wa udongo wamezoea joto la wastani, na wengine hujeruhiwa au kufa wakikutana na agari ya 45°C. Kipimajoto kiwe ndani ya chupa nyingine yenye kiasi kilekile cha agari, si kwenye maji yanayoizunguka. Chupa ya ml 500 huchelewa kupoa katikati, na ukiigusa nje kwa mkono unaweza kudhani iko tayari ilhali ndani iko 55°C. Ikishuka chini ya 40°C huanza kuganda kwa mabonge, na huwezi kuichanganya tena. Wale wanaohitaji oksijeni nyingi huota vibaya wakizikwa ndani. Na kuna kero ya kuhesabu: kwenye mizimuo ya chini, chembe ya udongo na koloni ndogo ya ndani hufanana kabisa. Njia ya kujilinda ni kuweka sahani moja ya mzimuo huohuo kwenye jokofu tangu mwanzo. Chembe utakazoziona humo ni udongo. Zitoe kwenye hesabu.

Kama bakteria wanaosambaa kwa kasi wanakusumbua, mimina tabaka la pili la ml 4 hadi 5 za agari juu ya lile lililoganda. Huwafungia chini. Hili kutandaza hakuwezi kukupa.

Kutandaza

Hii ndiyo njia ambayo tungemwanzishia mtu yeyote anayehesabu bakteria wa udongo kwa mara ya kwanza. Hakuna joto, koloni zote ziko juu, rangi na umbo vinaonekana, na ukitaka kuchukua koloni moja kuisafisha unaigusa tu kwa sindano.

Siri yake ni sahani kavu. Sahani iliyomiminwa jana ikalala mezani usiku kucha iko sawa. Iliyomiminwa asubuhi iweke kwenye 37°C kwa dakika 20 hadi 30, kifuniko kikiwa kimeachia kidogo. Sahani mbichi huacha maji juu, bakteria huogelea na kugawanyika ndani ya maji hayo kabla ya kutulia, na utapata michirizi na koloni pacha. Kwa upande mwingine, sahani iliyokauka mno hufyonza tone pale lilipoangukia kabla fimbo haijafika, na koloni zote hulundikana katikati.

Weka ml 0.1 katikati. Fimbo ya kioo iliyopinda kama herufi L ichovye kwenye alkoholi ya asilimia 70, ipitishe kwenye moto iwake yenyewe, kisha isubiri sekunde 15 ipoe. Usiishikilie motoni, kazi inafanywa na alkoholi inayowaka, na kioo cha moto hukaanga bakteria. Chombo cha alkoholi kiwe mbali na moto, na kiwe na mfuniko karibu, maana tone linalowaka likidondokea ndani linazimwa kwa kufunika. Tandaza ukizungusha sahani hadi uhisi fimbo inaanza kukwama, na uache ukingo wa mm 5 hivi bila kuguswa. Ukingoni koloni hubanana na ukuta na hazihesabiki.

Sehemu ya bakteria hubaki kwenye fimbo, ndiyo, lakini ukitumia mkono uleule na muda uleule hasara inakuwa sawa kwa sampuli zote. Kwa sahani nyingi, shanga za kioo za mm 4 ni bora: mimina tano au sita, tikisa kwa kuteleza huku na huku kwa dakika moja, zidondoshe kwenye chombo cha dawa. Usizungushe kwa duara, zitabeba kila kitu hadi ukingoni.

Hasara yake kubwa ni wanaosambaa. Bacillus mycoides hutuma matawi yanayofunika sahani nzima ndani ya siku mbili, na ukungu kama Rhizopus na Trichoderma hufunika kila kilichobaki. Kwenye sahani ya bakteria ongeza sikloheksimaidi mg 50 hadi 100 kwa lita kuzuia kuvu, ukivaa glavu, kwa kuwa ni sumu kali. Dhidi ya B. mycoides hakuna dawa nzuri. Panda mzimuo mmoja juu na uhesabu mapema.

Kudondosha

Miles na Misra waliieleza mwaka 1938, na haijabadilika sana. Gawa sahani kwa kalamu nyuma yake vipande sita au vinane, dondosha µl 20 katika kila kipande kutoka urefu wa sm 2.5 hivi, acha sahani ilale bila kugeuzwa hadi matone yafyonzwe, dakika 15 hadi 20, ndipo uigeuze. Sahani ziwe kavu kuliko zile za kutandaza. Tone lisilofyonzwa litateremka na kuungana na jirani yake.

Hapa ndipo akiba ilipo. Linganisha sampuli moja yenye mizimuo minne na marudio matatu:

| | Kumimina | Kutandaza | Kudondosha |
|---|---|---|---|
| Ujazo unaooteshwa | ml 1 | ml 0.1 | µl 20 |
| Sahani zinazohitajika | 12 | 12 | 3 |
| Agari | ml 216 (18 kila moja) | ml 240 (20 kila moja) | ml 60 |
| Koloni zinazofaa kuhesabiwa | 30–300 | 30–300 | 3–30 kwa tone |
| Koloni moja kwenye 10⁻¹ ni sawa na | 10 kwa gramu | 100 kwa gramu | 500 kwa gramu |

Kwa sampuli 40 tofauti hiyo ni sahani 480 dhidi ya 120. Inkubeta (kabati za joto za kuoteshea) nyingi ndogo hazina nafasi ya 480.

Lakini tazama safu ya mwisho: kudondosha hakuoni vitu vichache. Na usahihi? Hesabu za koloni hufuata kanuni ya kubahatisha, ambapo kosa la kawaida ni kipeuo cha pili cha idadi. Koloni 10 kwenye tone moja zina kosa la asilimia 32 hivi. Koloni 100 kwenye sahani ya kutandaza, asilimia 10. Ila ukijumlisha matone sita yenye koloni 15 kila moja unapata 90, na kosa linashuka hadi karibu asilimia 10.5. Kwa hiyo kudondosha si butu kwa asili yake. Ni butu pale mtu anapohesabu tone moja na kuondoka.

Udongo unaiweka njia hii kwenye majaribu kwa sababu nyingine: bakteria wake hawaoti kwa kasi moja. Wepesi hujaza tone ndani ya saa 24, wazito hutokea siku ya tano, wakati wepesi wameshaungana. Hesabu mara mbili, saa 24 na saa 48, kwa kioo cha kukuzia, ukiweka alama nyuma ya sahani. Tumia midia dhaifu ili koloni zibaki ndogo. Kwa kuvu usiitumie kabisa. Koloni moja ya ukungu humeza tone zima na jirani yake.

Neli, kwa wale wasiojenga koloni

Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na wale wa rhizobia (bakteria wa mizizi ya mikunde) waliomo udongoni hawahesabiki vizuri kwenye agari: wa kwanza huota polepole mno, wa pili hufunikwa na wengine. Hapo sambaza kila mzimuo kwenye neli tatu au tano zenye midia yao (kwa rhizobia, kwenye miche ya mmea wao), subiri wiki kadhaa, uhesabu neli zilizojibu, kisha usome makadirio ya idadi kwenye jedwali la njia hii. Bei yake ni namba zisizo na uhakika. Kwa neli tatu zenye gramu 0.1, 0.01 na 0.001, jibu la 3-1-0 (zote tatu za kwanza zimejibu, moja ya zinazofuata, hakuna ya mwisho) lina maana ya 43 kwa gramu, lakini ukweli unaweza kuwa popote kati ya 9 na 180. Usiitumie kwa kitu ambacho sahani inaweza kukihesabu.

Kuchuja kwa utando, kunakofaa sana kwa maji ya kunywa, kwa udongo sahau. Mfinyanzi huziba chujio kwenye mililita za mwanzo.

Midia, joto na siku

Midia nzito hukuza wachache kwa fujo. Kwa hesabu ya jumla ya bakteria, R2A, iliyobuniwa kwa ajili ya maji ya kunywa mwaka 1985, au agari ya soya na triptoni iliyopunguzwa hadi sehemu moja ya kumi, hutoa koloni nyingi zaidi kuliko agari ya kawaida ya virutubishi. Fosfeti na agari vikitakaswa pamoja hutengeneza haidrojeni peroksaidi inayozuia baadhi ya bakteria. Vitakase mbalimbali uvichanganye baadaye, utaona tofauti kwa wale wagumu kuota. Hata hivyo, chochote utakachotumia, sehemu kubwa ya seli unazoziona kwenye hadubini hazitaota. Unachoripoti ni wanaoota kwenye midia hiyo, kwa siku hizo, kwa joto hilo, basi.

Kuvu: agari ya Rose Bengal (rangi nyekundu) yenye streptomaisini, dawa ya kuzuia bakteria, mg 30 kwa lita, ikiongezwa agari ikiwa imeshuka chini ya 50°C. Weka sahani gizani, kwa kuwa rangi hiyo ikipigwa na mwanga hutoa sumu inayoua hata kuvu wenyewe. Mbadala ni agari ya viazi iliyotiwa asidi ya laktiki hadi pH 3.5, lakini asidi iingie mwishoni. Agari yenye asidi ikichemshwa tena haigandi. Aktinomiseti wanapenda agari ya wanga na kaseini.

Bakteria otesha kwenye 28°C, siku 3 hadi 7. Kuvu siku 3 hadi 5, 25°C. Aktinomiseti siku 7 hadi 14, na hapo funga sahani kwenye mfuko zisikauke. Zote zigeuzwe juu chini, isipokuwa za kuvu ukiogopa spora kumwagika kwenye kifuniko.

Kuchagua mizimuo na kusoma namba

Kwa kutandaza, bakteria wa udongo wa kawaida wataangukia kwenye 10⁻⁴ hadi 10⁻⁶, aktinomiseti 10⁻³ hadi 10⁻⁵, kuvu 10⁻² hadi 10⁻⁴. Ukihamia kumimina, ongeza mzimuo mmoja, kwa sababu unaotesha ml 1 badala ya 0.1. Hili huwaponyoka hata wazoefu: ml 0.1 ya 10⁻⁵ ina udongo sawa na ml 1 ya 10⁻⁶. Andika mzimuo wa neli na ujazo kila kimoja mahali pake kwenye sahani, usiandike jibu lao.

Mfano: sahani tatu za 10⁻⁵, ml 0.1, zina koloni 162, 178 na 155. Wastani ni 165. Gawa kwa 0.1, zidisha kwa 10⁵, unapata 1.65 × 10⁸ kwa gramu ya udongo mbichi. Unyevu ukiwa asilimia 18 ya uzito mbichi, gawa kwa 0.82: 2.0 × 10⁸ kwa gramu kavu. Tarakimu mbili zinatosha. Ya tatu ni mapambo.

Sasa tazama 10⁻⁶ ya sampuli hiyohiyo. Zikiwa 19, 14 na 17, wastani ni karibu 17, mara kumi pungufu, kwa hiyo ngazi yako ni nzima hata kama namba hizo ziko chini ya 30 na huzitumii. Zingekuwa 60, kuna kitu: ncha haikubadilishwa, au sahani za 10⁻⁵ zimesongamana kiasi cha bakteria kuzuiana. Zingekuwa 2 au 3, neli ya kabla haikuchanganywa. Usizichanganye namba hizo kwenye wastani ili kuzipoza, rudia ngazi.

Weka pia sahani mbili bila sampuli: moja ya agari tupu na moja yenye maji ya kuzimulia. Koloni kwenye ya kwanza ni kosa la midia au mikono, kwenye ya pili ni kosa la neli.

Nani achukue ipi

Una sampuli chache na unataka pia kuchukua koloni za kusafisha: tandaza. Una sampuli 40 za jaribio la mbolea na unachotaka ni tofauti za bakteria kati ya matuta: dondosha, matone sita kwa kila mzimuo, midia dhaifu, na kabla ya kuanza linganisha sampuli tatu kwa kutandaza uone kama namba zinafuatana. Unatafuta kundi dogo kwenye udongo maskini, au udongo wako umejaa wanaosambaa: mimina, na tabaka la juu. Unahesabu kuvu: tandaza kwenye Rose Bengal, ukikumbuka kwamba kuvu mwenye spora nyingi ataonekana mkubwa kuliko yule mwenye nyuzi nyingi, na hakuna sahani itakayolirekebisha hilo. Ukishaanza na njia moja kwenye kazi moja, usibadilishe katikati hata ukigundua nyingine ingekufaa zaidi. Namba za njia mbili hazikai kwenye grafu moja.